Unaundia shule au Sacco programu? Pesa ya kudumu iko kwenye leseni na huduma

Tuseme ni Jumatatu ya kufungua shule. Uko Rongo, umekaa kwenye kibanda cha chai karibu na steji, na simu inalia. Ni karani wa karo wa shule moja kule Ndhiwa.

"Kijana wetu, hii kitu yako imekataa kabisa. Risiti hazitoki na wazazi wamejaa hapa nje."

"Nakuja, madam. Msizime hiyo kompyuta."

Unaacha chai, unapanda matatu hadi Rodi Kopany, kisha bodaboda hadi shuleni. Ukifika unagundua kwamba muhula mpya ulifunguliwa mara mbili kwenye mfumo. Dakika 20, kazi imekwisha. Unapewa soda na shukrani nyingi. Nauli umejilipia mwenyewe.

Mfumo huo uliuuza miaka miwili iliyopita kwa Sh40,000. Pesa ziliisha zamani. Simu hazijaisha.

Kisa hiki ni cha kubuni, lakini kama umewahi kuundia mtu programu hapa Migori au Homa Bay, unakijua. Leo ni shule ya Ndhiwa, kesho ni duka la jumla la Awendo, kesho kutwa ni chama cha akina mama wa Oyugis. Kadiri unavyopata wateja wengi, ndivyo unavyofanya kazi nyingi ya bure. Mwishowe unazima simu, wateja wanakuita tapeli, na wewe unarudi kutafuta kibarua.

Kosa haliko kwenye kazi yako. Liko kwenye namna ulivyoiuza. Tuangalie wakubwa wa biashara hii wanavyokula, kisha turudi Ndhiwa.

Huuzi programu, unauza ruhusa

Ukinunua ng'ombe mnadani, ni wako. Unaweza kumkama, kumchinja au kumuuza tena jioni hiyo hiyo. Programu za biashara haziuzwi hivyo. Mteja anapolipa hanunui programu yenyewe, ananunua ruhusa ya kuitumia. Ruhusa hiyo ndiyo leseni.

Leseni husema ni watu wangapi wataingia kwenye mfumo, kwenye kompyuta ngapi, na kwa muda gani. Sacco yenye makarani 5 hulipa kidogo. Ikifungua tawi na kuwa na makarani 15, inaongeza pesa. Mwenye programu anabaki nayo na anaweza kuwauzia wengine elfu moja kitu kile kile.

Hapo ndipo faida ilipo. Kuandika programu ya kwanza hugharimu miezi ya kukesha. Kutoa nakala ya pili hakugharimu karibu chochote.

Zamani leseni nyingi zilikuwa za kudumu: unalipa mara moja, unatumia toleo hilo mpaka uchoke nalo. Siku hizi kampuni nyingi zimehamia malipo ya mwezi au mwaka, kama kodi ya nyumba. Microsoft ilianza kukodisha programu zake za ofisi kwa jina la Office 365 mwaka wa 2011. Ukiacha kulipa, unafungiwa mlango.

Biashara yenyewe ya kuuza programu peke yake si ya zamani sana. Kwa miaka mingi kampuni za kompyuta zilikupa programu bure, mradi umenunua mashine. Mambo yalianza kubadilika Juni 1969, IBM ya Marekani ilipotangaza kwamba itaanza kutoza programu na huduma bei yake, kando na mashine. Kuanzia hapo programu ikawa bidhaa yenye bei yake.

Mashine ya boti na fundi wake

Leseni ni nusu tu ya hadithi. Nusu ya pili, ambayo ndiyo nono, ni huduma baada ya mauzo.

Ukienda Mbita utaona boti zenye mashine nyuma. Aliyeuza mashine alilipwa siku moja. Lakini plagi zinaungua, oili inaisha, propela inagonga mwamba. Mvuvi aliyekwama ziwani usiku na shehena ya omena haanzi kubishana na fundi kuhusu shilingi mia mbili. Anachotaka ni mashine iwake kabla jua halijatoka.

Benki, hospitali au kiwanda mfumo ukizimika ni vivyo hivyo. Kwa hiyo kampuni za programu huuza mkataba wa huduma wa kila mwaka. Ndani yake kuna mambo manne: kurekebisha hitilafu, kuleta matoleo mapya, kuziba mianya ya wezi wa mtandaoni, na kuwa na mtu wa kupokea simu.

Chukua Oracle, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka wa 1977. Kwa leseni zake za kawaida, mkataba wa huduma hutozwa asilimia 22 ya bei ya leseni kila mwaka. Piga hesabu. Leseni ikiwa Sh10 milioni, huduma ni Sh2.2 milioni kwa mwaka. Kufikia mwisho wa mwaka wa tano mteja amelipa Sh11 milioni za huduma, kuliko alivyolipia leseni yenyewe. Na bado anaendelea.

Matokeo yanaonekana kwenye vitabu vya kampuni hiyo. Katika mwaka wa fedha ulioisha Mei 2024, Oracle iliingiza takriban dola bilioni 53. Leseni mpya zilileta karibu dola bilioni 5 tu. Huduma za mtandaoni pamoja na huduma kwa leseni za zamani zilileta karibu dola bilioni 39.

Rudia kusoma mistari hiyo miwili ya mwisho. Mauzo mapya ni sehemu ndogo. Pesa kubwa inatoka kwa wateja ambao tayari wako ndani.

Nao wateja hupiga kelele. Mwaka wa 2008 SAP ya Ujerumani ilitangaza kwamba itapandisha ada ya huduma kutoka asilimia 17 hadi 22. Wateja waliwaka, na mwaka wa 2010 kampuni ikawarejeshea chaguo la bei nafuu. Lakini wengi hawakuondoka. Kuhamisha rekodi za miaka 10, kufundisha wafanyakazi upya na kusimamisha kazi ni ghali kuliko kulipa.

Hata kaunti yako na simu yako

Usidhani haya ni mambo ya ng'ambo. Serikali za kaunti za Migori na Homa Bay, kama kaunti zote 47, hupitisha malipo yake kwenye mfumo wa kitaifa wa IFMIS. Mfumo huo umejengwa juu ya programu ya Oracle. Mwanakandarasi aliyejenga choo cha shule Kehancha au zahanati Suba hapati hundi yake mpaka malipo yapite humo. Unapokwama, kila mtu anangoja. Huwezi kuukimbia mfumo kama huo kwa sababu tu hukupenda bei ya mwaka huu.

M-Pesa nayo ina hadithi yake. Ilizinduliwa Machi 2007 na sisi tukaiita ya Kenya. Lakini chapa na mfumo vilikuwa vya Vodafone ya Uingereza, na kwa miaka mingi Safaricom iliilipa ada iliyohesabiwa kama asilimia ya mapato ya huduma hiyo. Seva zenyewe zilikuwa Ujerumani hadi Aprili 2015 zilipohamishiwa nchini. Aprili 2020 ndipo Safaricom na Vodacom ya Afrika Kusini zilipokamilisha kuinunua M-Pesa kutoka Vodafone.

Kwa hiyo mama wa samaki wa Sori alipomtumia mtoto wake pesa za matumizi, kuna kijisehemu kilichosafiri hadi Uingereza. Aliyemiliki mfumo alikula bila kujua Sori iko wapi.

Mfano wa karibuni zaidi uko hospitalini. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na mfumo wake wa kidijitali ukaletwa na muungano wa kampuni ukiongozwa na Safaricom. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali iliyotoka 2025 ilitaja gharama ya Sh104.8 bilioni na kusema kwamba serikali haiumiliki mfumo huo. Mpango wenyewe ni kwamba wenye mfumo wanarudisha pesa zao polepole, kwa asilimia ya michango ya wanachama na ya madai ya hospitali.

Hiyo ndiyo njia ya tatu ya kulipwa: hutozi leseni, hutozi huduma, unakata kidogo kwa kila shilingi inayopita. Unaweza kuipenda au kuichukia. Ila swali la mkaguzi ndilo swali ambalo kila mnunuzi anafaa kuuliza kabla ya kutia sahihi: mwishowe nani ni mwenye mfumo?

Na zile za bure je?

Kuna programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, na hakuna anayekutoza leseni. Hizo huitwa programu huria. Watu wengi hudhani hakuna pesa huko. Si kweli.

Kampuni ya Red Hat ya Marekani iliuza huduma na uhakika juu ya Linux, programu ambayo yeyote anaweza kuipakua bure. Mwaka wa 2019 IBM iliinunua kwa dola bilioni 34. Wateja hawakuwa wakilipia programu. Walilipia kujua kwamba saa nane ya usiku mtu atapokea simu.

Hapa kwetu mfano mkubwa uko kwenye kliniki. OpenMRS ni programu huria ya rekodi za wagonjwa ambayo ilianza mwaka wa 2004, na Eldoret ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kabisa kuitumia. Juu yake ndipo ilipojengwa KenyaEMR, ambayo hutumika katika mamia ya vituo vya afya nchini, vikiwemo vya Homa Bay na Migori, hasa kufuatilia wanaotumia dawa za kupunguza makali ya HIV.

Leseni yake ni bure. Lakini lazima mtu aisakinishe, amfundishe muuguzi, abadilishe diski iliyokufa baada ya stima kupotea na kurudi kwa nguvu, na atunze nakala za akiba. Watu hao walilipwa mishahara, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya pesa hizo ilitoka kwa misaada ya Marekani.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na wafanyakazi wengi wa miradi ya HIV wakaambiwa wakae nyumbani. Hakuna leseni iliyoisha siku hiyo, na msimbo ulibaki pale pale. Kilichotikisika ni malipo ya watu. Huo ndio ushahidi kwamba gharama halisi ya programu ni watu wanaoitunza, na kwamba asiyepanga nani atawalipa anajenga juu ya mchanga.

Sasa turudi Ndhiwa

Omera, tufanye hesabu yako. Nambari hizi ni za mfano tu, wewe weka zako.

Njia ya kwanza ni ile uliyotumia. Sh40,000 mara moja. Baada ya miaka 5 umepata Sh40,000, ukitoa nauli zote.

Njia ya pili: Sh25,000 mwaka wa kwanza, zikijumuisha kusakinisha, kufundisha karani na kumshughulikia mwaka mzima. Kuanzia mwaka wa pili, Sh12,000 kila mwaka. Baada ya miaka 5 umepata Sh73,000. Shule nayo ilianza kwa bei nafuu, jambo ambalo mwalimu mkuu atalipenda mbele ya bodi.

Ukiwa na shule 10, njia ya kwanza inakupa Sh400,000 na ya pili Sh730,000. Na tuseme mwaka wa sita hupati mteja mpya hata mmoja. Kwa njia ya kwanza unalala njaa. Kwa njia ya pili una Sh120,000 zinazoingia kabla hujatoka kitandani. Huo ndio mchezo wa Oracle, umeletwa hadi Rodi Kopany.

Lakini pesa hizo hazitakuja kwa kuombwa kwa mdomo. Kuna mambo unafaa kuyapanga mapema.

La kwanza ni mkataba wa maandishi. Hapa usicheze. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda programu za kompyuta kama kazi ya maandishi. Lakini sheria hiyo hiyo, kifungu cha 31, inasema kazi iliyoagizwa na mtu, hakimiliki yake inachukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa maneno mengine, shule ikikuagiza uiundie mfumo na hamkuandika lolote, mfumo unaweza kuwa wa shule. Siku ukijaribu kuuuzia shule jirani, utakuwa unauza mali ya mwenyewe. Andika wazi kwamba unatoa leseni ya kutumia na kwamba msimbo unabaki wako.

La pili, taja huduma inajumuisha nini. Kurekebisha hitilafu uliyoleta wewe ni bure. Kumfundisha karani mpya mara moja kwa mwaka, sawa. Kutengeneza printa iliyomwagikiwa chai ni kazi nyingine na ina bei yake. Andika pia utajibu simu kwa muda gani, na nauli ni ya nani.

La tatu, punguza safari. Wakubwa wanapata faida kwenye huduma kwa sababu hitilafu moja hurekebishwa mara moja kwa wateja wote. Wewe ukiwa na matoleo 10 tofauti kwa shule 10, utakufa barabarani. Weka toleo moja, na tafuta njia ya kulirekebisha ukiwa kwako. Kitabu kifupi cha maelezo chenye picha kitakuokolea simu nyingi za Jumatatu.

La nne, fuata mahali sheria inapobadilika. KRA ilipoleta eTIMS, na kuanzia Januari 2024 gharama za biashara zisizo na ankara ya mfumo huo zikakataliwa kwenye hesabu za ushuru, wenye maduka na wauzaji wa jumla walilazimika kubadilisha namna ya kutoa ankara. KRA ina njia za bure kwa biashara ndogo, kwa hivyo usimdanganye mtu kwamba lazima akulipe. Wenye mifumo yao wenyewe ndio wanaohitaji iunganishwe, na kazi hiyo ya kuunganisha inahitaji uidhinishwe na KRA. Kanuni zikibadilika, atakuita tena. Kila mabadiliko ya sheria ni sababu halali ya ada ya mwaka.

La tano ni data. Majina ya wanafunzi, nambari za simu za wazazi na deni la karo si mali yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakudai uzitunze, na elimu na afya ni sekta zinazoangaliwa kwa makini. Uliza ofisi ya Kamishna wa Data kama unapaswa kujisajili kabla hujaanza.

Usimfungie mteja mlango kwa nje

Kuna kishawishi kimoja. Ukishajua kwamba mteja hawezi kuondoka kirahisi, unaweza kuanza kumkamua. Unaficha nywila, unakataa kumpa data yake, unazima mfumo siku ya kulipa karo ili akutumie pesa haraka. Kuna wanaofanya hivyo na wanacheka.

Homa Bay na Migori si Nairobi. Walimu wakuu wanakutana kwenye mikutano, viongozi wa Sacco wanajuana, na habari husafiri haraka kuliko matatu ya Isebania. Ukimkamua mmoja, kumi watasikia kabla ya Ijumaa. Weka kwenye mkataba kwamba mteja akitaka kuondoka utampa data yake yote kwa muundo unaofunguka kwingine. Anayejua mlango uko wazi hukaa bila wasiwasi.

Na kama wewe ni mnunuzi, mweka hazina wa chama au mjumbe wa bodi ya shule, una maswali manne ya kumuuliza kijana anayekuletea mfumo. Mwaka wa pili nitalipa ngapi? Nani atapokea simu ukipata kazi Nairobi? Nakala za akiba ziko wapi? Nikiondoka, nitaondoka na nini? Akikosa majibu, bei ya chini aliyokutajia si bei ya chini.

Kwa wateja ulio nao tayari, hujachelewa. Muhula huu, kabla ya simu nyingine ya Jumatatu, chukua karatasi moja uandike ulichowafanyia mwaka uliopita: safari ngapi, hitilafu ngapi, saa ngapi. Nenda kwa mwalimu mkuu ukiwa na karatasi hiyo, umsalimie vizuri, umwonyeshe, kisha umpendekezee ada ndogo ya mwaka yenye huduma zilizoandikwa.

Huenda mmoja atakataa. Ikiwa hivyo, umejua mapema ni nani aliyekuwa akitegemea nauli yako.